Chama chetu cha nafaka kimegawanyika: nchi itoke Jumuiya au ibaki?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara wa nafaka hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Tuko wanachama 64. Wengi tunauza mahindi, wachache alizeti na mtama. Mzigo tunaukusanya Kongwa, Mpwapwa na Kiteto, na msimu ukichanganya sehemu kubwa huvuka kwenda Kenya.

Mwezi uliopita lori la mwenzetu lenye tani 30 lilizuiwa mpakani siku nne. Kipimo kilisoma unyevu asilimia 14.8, likarudishwa. Wiki hiyohiyo lori la mwingine likadaiwa karatasi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia, na dereva hakuelezwa sharti hilo limeanza lini. Tangu siku hiyo kwenye grupu letu la WhatsApp hakuna tena bei za soko. Ni sauti za dakika kumi kumi na maneno makali.

Upande mmoja unasema Tanzania itoke Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanasema wanunuzi wa Kenya wanaingia mpaka shambani kwa mkulima na kutuacha sisi wa sokoni tukipiga miayo, mafuta ya kula ya kutoka nje yanaangusha bei ya alizeti, na sasa malori yanarudishwa. Hoja yao kubwa: "Waingereza walitoka Umoja wa Ulaya na hawajafa njaa." Upande wa pili unajibu kwamba tukitoka leo, kesho mpaka unafungwa kama 1977, na mahindi yataozea ghalani.

Anayeongoza upande wa kutoka ni mjomba wangu, aliyeniingiza katika biashara hii. Anayeongoza upande wa kubaki ni mwenyekiti wetu. Hawasalimiani. Watu tisa wamejitoa kwenye grupu, na wawili wanataka warudishiwe michango yao ya mfuko wa kusaidiana.

Jumamosi ijayo tuna mkutano mkuu. Hoja iliyopo mezani ni chama kimwandikie mbunge ili adai nchi itoke. Nimepewa kazi ya kuandaa ajenda na maelezo. Naomba kujua: nchi hutokaje katika Jumuiya? Mahindi yetu yatakuwa na hali gani ikitoka? Mfano wa Uingereza una uzito gani kwetu? Na niuendesheje mkutano huu chama kisivunjike, wala mimi nisionekane namvunjia mjomba heshima?

Katibu, Kibaigwa

*

Ndugu Katibu,

Isome tena barua yako mwenyewe. Ndani yake mna malalamiko manne: unyevu, karatasi mpya, wanunuzi wa nje shambani, na bei ya alizeti. Chama kimeyashindilia yote katika gunia moja, kikaandika juu yake "Jumuiya". Kazi yako kabla ya Jumamosi ni kulifungua gunia hilo na kulimwaga kwenye turubai, maana kila lalamiko lina chanzo chake, na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na lori lililorudishwa, kwa kuwa ndilo lililowasha moto. Kiwango cha mahindi kinachotumika ni cha Afrika Mashariki nzima, kinaitwa EAS 2. Unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina iliyo kali zaidi, B1, isizidi 5. Ni kiwango chetu pia, hatukuletewa na Kenya. Nchi ikitoka Jumuiya, Kenya haitapandisha kipimo kiwe 15 kwa kutuonea huruma. Machi 5, 2021 mamlaka yao ya kilimo ilizuia kabisa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku tano baadaye wakafungua kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya 10, na uwe na cheti cha uasili, yaani cha kuthibitisha nchi ulikotoka. Wanachama wasiseme huo ulikuwa ujanja mtupu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na mahindi yaliyowaua yalikuwa chakula chao cha nyumbani, hayakuwa yamevuka mpaka wowote.

Wawekee hesabu hii ubaoni. Mzigo wa kilo 30,000 wenye unyevu 14.8 ukikaushwa hadi 13.5 unabaki kilo 29,549 hivi. Mwenye mzigo anapoteza kilo 451, yaani magunia manne na nusu ya kilo mia. Hayo magunia manne na nusu ndiyo yanayomfanya mtu aseme "pakia tu, utapita". Mwenye lori lililorudishwa alete mkutanoni gharama zake halisi: siku nne za kusimama, posho ya dereva na utingo, mafuta ya kwenda na kurudi, na bei aliyouzia mzigo uliorudi. Ziandikwe kando ya magunia manne na nusu, kila mtu aone.

Kosa lenyewe kwa kawaida hutokea wakati wa kukusanya. Unanunua gunia mbili kwa huyu, tano kwa yule. Huyu alianika juu ya turubai, yule alianika kwenye udongo na kuyaanua jioni umande ukianza kushuka. Ukiyachanganya, wastani unaweza kusoma 13 safi, lakini mpimaji mpakani hapimi wastani wa moyoni mwako. Anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, katika magunia anayoyachagua yeye. Akikutana na lile la mwenye udongo, mzigo mzima umeshahukumiwa. Kwa hiyo pima kila mkulima peke yake kabla ya kumwaga pamoja. Ile njia ya chumvi ni nzuri lakini ijulikane mwisho wake: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi kama 15. Isipoganda, uko chini ya 15, na hapo wengi ndipo wanapojidanganya, kwa sababu 14.8 nayo haigandishi chumvi. Kwa mzigo wa kuvuka mpaka chama kinunue mashine ya kupima unyevu, iwe ya wote, ikae kwa mtu mmoja anayeandika daftari. Na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, iachwe kabisa katika mizigo ya nje. Karatasi zikisema magunia 300 ya kilo mia, na mizani ikasoma tani 35, hakuna mkataba wa nchi yoyote utakaokuokoa.

Lalamiko la pili, karatasi isiyojulikana, ni jambo jingine kabisa. Hapo mnaweza kuwa mmeonewa. Sharti linaloibuka mpakani bila taarifa lina jina lake, kikwazo kisicho cha kiforodha, na Jumuiya ilitunga sheria ya kuviondoa mwaka 2017. Kila nchi mwanachama ina kamati ya kitaifa ya kuvifuatilia. Malalamiko yenu yakienda na maneno "tunasumbuliwa sana" yataishia kwenye faili. Andikeni tarehe na saa lori lilipofika, kituo, namba ya tamko la forodha, bidhaa na tani, jina kamili la karatasi iliyodaiwa, idara iliyoidai, saa lori lilipoachiwa, na gharama zenye stakabadhi tu. Nakala moja muipeleke kwa mmoja wa wabunge wetu tisa wa Bunge la Afrika Mashariki. Hao tisa huwa wanasahaulika, na kazi yao ni hii hasa.

Kuna mlango mwingine ambao wafanyabiashara wachache wanaujua. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu binafsi au chama, anaweza kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga sheria, kanuni au hatua ya serikali ya nchi mwanachama inayokiuka Mkataba wa Jumuiya. Ibara ya 30 inatoa miezi miwili tu tangu hatua hiyo ichukuliwe, au tangu mlalamikaji alipoifahamu. Ukichelewa, shauri linatupwa hata kama ulikuwa na haki. Hebu wenye hoja ya kutoka walitafakari hili kwa utulivu: Kenya ikituvunjia mkataba, mkataba huo ndio tunaoweza kuwashikia. Tukishatoka, ofisa wa upande wa pili akidai karatasi mpya tutabaki na kumwomba.

La tatu, wanunuzi wa nje kuingia shambani. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya leseni za biashara inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kununua mazao shambani ni mojawapo. Nchi ilifanya hivyo ikiwa ndani ya Jumuiya. Kenya ililalamika hadharani kwamba amri inagongana na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, kwa hiyo msiichukulie kuwa jambo lililomalizika. Lakini kwa Kibaigwa swali la leo ni dogo na la karibu: je, wanaonunua shambani ni wageni kweli, au ni Watanzania wenzetu wanaowatumikia wageni kwa kamisheni? Kama ni wa pili, kutoka Jumuiya hakutawagusa hata kidogo.

Sasa alizeti. Hapa mjomba wako ana hoja nzito, na usimruhusu mtu kuicheka. Nchi zilizo ndani ya umoja wa forodha hutoza ushuru mmoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya umoja: 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa bidhaa kamili, na tangu Julai 1, 2022 kuna ngazi ya nne ya asilimia 35. Nje ya ngazi hizo ipo orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vikubwa zaidi. Serikali yetu haiwezi kuamka asubuhi ikapandisha ushuru wa mafuta ya mawese kwa sababu alizeti ya Singida na Dodoma imeshuka bei. Inabidi iombe wenzake ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja, na ruhusa hiyo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, hutangazwa kwenye gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni. Mkulima wa alizeti anapanda bila kujua ushuru wa mwakani. Mwenye kinu cha kukamua hawezi kupanga. Hiyo ni gharama halisi ya kuwa ndani, na anayeikana hasemi kweli.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu Jumuiya, ulizeni kwanza serikali yetu yenyewe imeomba nini. Kiwango cha mafuta ya kula kila mwaka huvutwa na pande mbili humuhumu nchini: mkulima na mkamuaji wanataka kipandishwe, mlaji wa mjini na mwagizaji wanataka kishushwe. Mara nyingi mvutano huo huishia nyumbani kabla haujafika Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Barua ya wanachama wa alizeti iende Wizara ya Fedha na Wizara ya Kilimo mapema, miezi kadhaa kabla ya bajeti ya Juni, ikiwa na bei ya alizeti kwa gunia mwezi kwa mwezi kama ilivyo kwenye madaftari yenu. Ikifika Juni, imechelewa.

Umeuliza nchi hutokaje. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ina masharti mawili. Kwanza, Bunge la nchi hiyo lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Neno "wote" lina kazi kubwa hapo: kama Bunge lina wabunge 390, zinahitajika kura 260, na asiyehudhuria siku hiyo ni sawa na aliyekataa. Pili, nchi impe Katibu Mkuu notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili, na ndani ya miezi hiyo inaweza kubadili nia na kuifuta. Muda wote wa notisi inaendelea kutimiza wajibu wake, na madeni iliyoingia kabla ya kutoka hayafutiki. Mkataba hautaji kura ya maoni ya wananchi. Kwa hiyo anayeambia watu "tutoke kesho" anakosea, na anayewatisha kwamba mpaka unafungwa kesho anakosea vilevile.

Hili la 1977 lisahihishwe kwa upole, maana huenda chamani mna wazee walioishi wakati huo, na Dodoma ni mji wa reli. Jumuiya ya kwanza haikufa kwa notisi. Ilivunjika kwa ugomvi wa mashirika na fedha, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mali na madeni vilipata mkataba wa kugawana Mei 14, 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba ya kugombea mabehewa, ndege na majengo, huku wafanyakazi wa mashirika hayo wakisubiri mafao. Ibara ya 145 inataka miezi kumi na miwili ili kusiwe na kuvunjika kwa namna ile tena.

Mwenyekiti naye akumbushwe kwamba Tanzania iliwahi kutoka katika umoja wa biashara na anga halikuanguka. Mwaka 2000 tulitoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kenya na Uganda walibaki. Hatukuumia nao sana kwa sababu Mkataba wa Jumuiya hii mpya ulikuwa umeanza kutumika Julai 7 mwaka huohuo. Tulitoka mlango mmoja tukiwa tayari tumeingia mwingine. Leo tukitoka Jumuiya, mlango wa kuelekea Kenya ni upi? SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Kenya haimo. COMESA, sisi hatumo. Unabaki mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambao unapunguza ushuru hatua kwa hatua na unaruhusu kila nchi kuweka kando bidhaa inazoona ni nyeti. Mahindi kwa Kenya ni nyeti kuliko karibu kila kitu.

Na hapa ndipo penye jibu la mahindi yenu. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya yamo kwenye ile orodha ya bidhaa nyeti, ushuru wake ni asilimia 50. Ya kwetu, yakiwa na cheti cha uasili, ni sifuri. Tuseme kilo 30,000 kwa shilingi 700: mzigo wa milioni 21. Ukihesabiwa kama wa nchi ya nje, ushuru ni milioni 10 na laki tano kwa lori moja. Mwaka wa njaa Kenya inaweza kuufuta ushuru huo kwa muda ili ipate chakula, na imewahi kufanya hivyo. Lakini hapo itakuwa imewafungulia hata wa ng'ambo ya bahari, na nyinyi mtashindana nao bila chochote cha kuwatangulia. Wenye mizigo midogo wataumia zaidi: leo mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa kinachotolewa palepale mpakani. Huo ni utaratibu wa wanachama kwa wanachama.

Kuhusu Waingereza, ni kweli hawajafa njaa. Walipiga kura Juni 23, 2016: waliotaka kutoka asilimia 51.9, waliotaka kubaki 48.1. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka tu. Haikuuliza kutoka kwa namna gani: ndani ya umoja wa forodha au nje yake, watu waendelee kuingia bila viza au la, na mpaka wa Ireland uweje. Notisi ikapelekwa Machi 29, 2017, na walioungana kusema "tutoke" wakaanza kugombana wao kwa wao. Makubaliano ya serikali ya Theresa May, waziri mkuu wao wa wakati huo, yalikataliwa bungeni mara tatu mwaka 2019, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202. Walitoka rasmi Januari 31, 2020, na mkataba mpya wa biashara ukapatikana Desemba 24, 2020, siku saba kabla hakijaisha kipindi cha mpito, ambacho waliendelea kufuata kanuni za Umoja.

Walichopata kipo. Wanajipangia ushuru, wanajiamulia nani aingie, wameingia mikataba yao wenyewe, ukiwemo ule wa nchi za Pasifiki ulioanza kuwahusu Desemba 2024. Walicholipia nacho kipo, na mfanyabiashara wa Kibaigwa atakielewa haraka: bidhaa zao huingia Ulaya kwa ushuru sifuri, lakini kontena la nyama linatakiwa liwe na cheti kilichotiwa saini na daktari wa mifugo, ambacho zamani hakikuhitajika. Ushuru ni sifuri, karatasi zimeongezeka. Chama chenu kimekasirishwa na karatasi moja. Na tofauti kubwa kati yao na sisi ni kwamba wao walijadiliana na upande wa pili miaka mitatu na nusu wakiwa na jeshi la wataalamu wa mikataba. Kama mtu atataja Mali, Burkina Faso na Niger, hao walitangaza kutoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 28, 2024, wakitaka iwe papohapo. Kutoka kwao kulikamilika Januari 29, 2025, baada ya mwaka wa notisi.

Maoni yetu, kwa kuwa umeyaomba: kwa mahindi ya Kibaigwa, kutoka ni hasara kubwa, na kati ya malalamiko yenu manne ni la alizeti pekee ambalo kutoka kungeligusa moja kwa moja. Lakini chama kisikatazwe kulijadili. Mwananchi anayo haki ya kumwambia mbunge wake nchi itoke au ibaki.

Sasa mkutano. Hoja iliyopo iandikwe upya kwa sentensi moja inayosema kutoka wapi hasa: Jumuiya yote, umoja wa forodha, au soko la pamoja. Mtoa hoja aiandike mwenyewe kwa mkono wake, usimwandikie. Kosa la Waingereza lisirudiwe kwa watu 64. Katika maandishi yote tumieni neno "Jumuiya", msitumie "muungano", kwa sababu hapa kwetu neno hilo lina jambo lake, la Bara na Zanzibar, na mjadala utahama dakika ya tano.

Mwenyekiti amekwisha kuchukua upande, hivyo kwa ajenda hiyo ampishe makamu au mjumbe asiyezungumza grupuni. Akikataa, muoneshe kwamba akishinda akiwa kitini ushindi wake hautakubaliwa na nusu ya chama. Baada ya salamu na mbukwenyi zenu, anzeni na malalamiko manne, moja moja, dakika kumi na tano kila moja, kila moja likimalizwa kwa azimio lake na jina la mtu wa kulifuatilia: mashine ya unyevu, barua ya kikwazo, uchunguzi wa madalali wa shambani, barua ya alizeti. Hoja ya kutoka au kubaki ije mwisho, dakika kumi kwa kila upande, kisha kura ya siri. Ukiitanguliza, watu watakaa kwa pande zao na hata mashine ya unyevu itapata wapinzani. Sauti za simu zisipigwe mkutanoni. Mwenye jambo asimame alisema mwenyewe, na anayetaja takwimu ataje alikoitoa. Grupu liwekwe kimya, wasimamizi pekee waandike, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili.

Barua kwa mbunge, matokeo yakiwa yoyote, iandike idadi ya kura za pande zote mbili. "Chama kimeamua" bila hesabu ni kuwasemea walioshindwa, na hao ndio watakaojitoa.

Kwa mjomba, nenda nyumbani kwake kabla ya Jumamosi, usimtumie ujumbe. Mpelekee hesabu ya tani 30 aione kabla ya wengine, ili asifedheheke mbele ya vijana. Kisha mwombe asimamie ajenda ya alizeti yeye mwenyewe, kwa sababu katika hilo anajua mengi kuliko mwenyekiti na kuliko wewe. Usimwombe aache msimamo wake. Mwambie wazi kwamba siku hiyo utakuwa katibu, hutazungumza upande wowote, na kura yako utaipiga kwa siri kama mwanachama mwingine.

Wale wawili wanaodai michango yao wasomewe katiba ya chama mkutano unapofunguliwa, kabla ya kura yoyote: notisi ya kujitoa ni ya siku ngapi, mkopo ambao hawajamaliza kuulipa unakatwaje, na kama ndani ya muda wa notisi wanaruhusiwa kubadili nia. Kama katiba yenu haisemi hayo, iongeze kuwa ajenda ya tano.

Mshauri